Jinsi ya kusoma vifaa vya sayansi vya safari za Mwezini ukiwa makumbusho (mwongozo kamili)

Watu wengi wakiingia ukumbi wa anga kwenye makumbusho wanafanya kitu kilekile, wanakimbilia roketi, wanapiga selfi na suti ya mwanaanga, kama kuna jiwe la Mwezi la kugusa wanaligusa, alafu wanapita fasta kwenye lile kabati la pembeni lenye maboksi ya rangi ya fedha na waya bapa zilizokunjwa kama utepe. Mi nataka tuongelee hilo kabati la pembeni. Yale maboksi ndo kazi yenyewe waliyotumwa watu kule, ndo yaliyotuambia Mwezi una nini tumboni na unatusogelea au unatukimbia, na bado yanapewa mistari mitano ya lebo na mwanga hafifu. Inaniuma kusema kweli.

Kitu kimoja ukielewe mwanzo kabisa maana mwongozo wote umekaa juu yake: karibu vifaa vyote vya sayansi vilivyowekwa juu ya Mwezi bado viko hukohuko. Hakuna aliyevirudisha. Kwahiyo unachokiona nyuma ya kioo mara nyingi ni ndugu wa kifaa kilichoenda, na sio chenyewe. Ukishalijua hilo unaacha kukitazama kama kumbukumbu ya mtu maarufu, unaanza kukiuliza maswali: wewe ulitengenezwa kwa ajili gani, na mbona uko hivi?

Hatua ya 1: chagua kifaa kimoja kabla hujatoka nyumbani

Usiende "kuona vyote". Ukumbi mmoja unaweza kuwa na vitu mia na zaidi, baada ya saa moja kichwa kimejaa na ukiulizwa umeona nini unasema tu "roketi". Chagua kimoja, au viwili vyenye uhusiano. Kwa anayeanza mi ningependekeza kioo cha leza, kipima mitetemeko, kamera ya miali ya urujuanimno ya Apollo 16 (Apollo ni zile safari za Wamarekani za kupeleka watu Mwezini), kamera ya Hasselblad, au kama uko upande wa Urusi basi Lunokhod, kile kigari cha Wasovieti.

Mahali pa kuvikuta ni pengi. Kuna National Air and Space Museum ya Washington na tawi lake la Udvar-Hazy kule Virginia, kuna Cosmosphere mji wa Hutchinson jimbo la Kansas, kuna Space Center Houston, Uingereza kuna Science Museum ya London ambayo ina chombo cha Apollo 10, na Moscow kuna makumbusho makubwa ya safari za anga. Ila vitu huwa vinahamishwa, vinaazimwa, vinaingizwa stoo, kwahiyo angalia kwanza kwenye tovuti ya makumbusho kama kifaa chako kiko ukumbini wiki hiyo. Usije ukasafiri ukakuta kabati tupu na karatasi inayosema kimepelekwa kufanyiwa matengenezo, mi ilinikuta na siku ile niliishia kuangalia alama za vumbi pale miguu yake ilipokuwa imesimama.

Ukiwa hukohuko kwenye tovuti chukua namba ya usajili ya kifaa. Hii namba ni muhimu kuliko jina maana majina yanabadilika ila namba haibadiliki. Kule Washington namba inaanza na herufi A ikifuatiwa na mwaka ambao kitu kiliingia kwenye kumbukumbu zao, mfano chombo cha Columbia cha Apollo 11 ni A19700102000, yani 1970. Hapohapo umeshajua kitu: kiliingia mwaka mmoja tu baada ya safari. Ukikuta kifaa chako kiliingia miaka kumi na kitu baadae, jiulize kilikuwa wapi muda wote huo, chumba cha mafunzo? stoo ya kiwanda? ofisi ya mwanasayansi? Hilo swali litakusaidia sana hatua ya 4.

Na kama huna namna ya kusafiri usikate tamaa, hatua nyingi humu zinafanyika kwa picha za mtandaoni. Columbia ilipigwa skani ya pande tatu mwaka 2016 na humo ndani wakakuta maandishi ya mkono ya wanaanga ukutani ambayo watu walikuwa hawayajui, pamoja na kalenda ndogo ya kukata siku. Kitu kimekaa makumbusho zaidi ya miaka 40, kimetazamwa na mamilioni, na bado kilikuwa na siri.

Hatua ya 2: vya kubeba

Daftari lisilo na mistari, penseli mbili (sehemu nyingi kalamu ya wino hawaitaki karibu na vitu), simu iliyojaa chaji, kipande cha kitambaa cheusi, na rula ndogo. Kitambaa ni cha kuzuia mwanga wa taa usirudi kwenye kioo, unakifunika kuzunguka simu alafu unaisogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kukigusa. Flashi zima. Rula ni ya kukadiria, shika mbele ya kioo kisha piga picha moja na rula na nyingine bila rula, vipimo kamili utavipata kwenye tovuti ila kukadiria mwenyewe kunafundisha jicho.

Hatua ya 3: dakika 20 bila kusoma lebo

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye utamu. Ukifika simama, lebo usiisome. Ukisoma lebo kwanza jicho linaona kile tu lebo imesema. Chora. Sio lazima uwe msanii, chora kama mtoto, ila chora kila kitu: skrubu ziko wapi, mpini uko upande gani, kuna sehemu imepakwa nyeupe na nyingine imeachwa chuma kitupu, kuna mshale, kuna herufi, kuna waya inaingia lakini haitoki. Mkono unaochora unalazimisha jicho lirudi mara ya pili na ya tatu, na mara ya tatu ndo unaanza kuona.

Nikupe mfano wa kioo cha leza maana nilikaa nacho muda mrefu. Ukikiangalia mbali unaona ubao wa mraba wenye matundu, kama trei ya mayai. Sogea. Hesabu: kumi kwa kumi, matundu mia moja, hicho ndo kilichoenda na Apollo 11 na 14, cha Apollo 15 kina mia tatu. Sogea zaidi, ndani ya kila tundu kuna kipande cha kioo kilichokatwa kama kona ya boksi, upana wake ni sentimita 3.8 hivi, na kimezamishwa chini kidogo ya uso wa ubao ili jua lisikipige moja kwa moja likakiharibu umbo kwa joto. Sasa fumba jicho moja utazame tundu moja. Utaona jicho lako mwenyewe katikati kabisa. Sogea kushoto, jicho linakufuata. Tazama tundu la pembeni, jicho lipo. Yote mia yanakutazama wewe tu, aliyesimama pembeni yako anayaona yanamtazama yeye. Hapo umeshaelewa kazi ya kifaa bila kusoma hata neno moja: mwanga unarudi ulikotoka, haijalishi umetokea pembe gani. Ndo maana Duniani wakirusha leza kuelekea Mwezini inarudi kwenye darubini ileile iliyoirusha. Darubini ya Lick kule California ilipata jibu la kwanza tarehe 1 Agosti 1969, na vipimo hivyo ndo vilivyotuambia Mwezi unasogea mbali nasi kama sentimita 3.8 kila mwaka. Na hiki kifaa hakina betri wala waya, kinafanya kazi mpaka leo.

Alafu kuna faida nyingine hapo, kama umetazama na hujaona jicho lako, umeona tu plastiki au vioo bapa, basi hicho kilichowekwa ni sanamu ya maonyesho. Umeshaanza hatua ya 4 bila kujua.

Hatua ya 4: hiki ni kifaa cha aina gani?

Sasa soma lebo, na soma kwa makini maneno madogo. Kwa lebo za Kiingereza neno moja linabadilisha kila kitu. "Flown" maana yake kiliruka kweli na kikarudi. "Flight spare" ni spea, kimetengenezwa sawasawa na kilichoenda na kilikuwa tayari kuchukua nafasi yake, na kwa mtu anayetaka kusoma uhandisi hiki ni dhahabu maana kila skrubu ni ya kweli. "Qualification model" ni kile walichokitesa makusudi, wakakitikisa, wakakipasha joto, wakakigandisha ili wajue mwenzake atapona, kwahiyo ukiona michubuko na nyufa usidhani ni ya uzembe wa makumbusho, saa nyingine ndo kazi aliyoifanya. "Training unit" ni cha mazoezi, hiki kinaweza kuwa chepesi kuliko cha kweli ili mwanaanga akiwa Duniani akisikie mkononi uzito wa Mwezini ambako kila kitu ni moja ya sita, na ndani yake kinaweza kuwa kitupu. "Mock-up" na "replica" ni za umbo tu.

Wakati mwingine lebo haisemi, au inasema kwa kuzungukazunguka. Hapo tafuta kibati cha utambulisho, kile kidogo chenye namba ya kipande na namba ya mfululizo. Tafuta maandishi "NOT FOR FLIGHT". Angalia mipini kama imechakaa kwa kushikwashikwa, cha mazoezi huwa kimelika sehemu za mikono ila cha spea kinang'aa. Angalia viunganishi vya waya, kama vina pini za kweli ndani au ni umbo tu la plastiki. Usione spea au cha mazoezi ukasikitika eti umepunjwa. Cha mazoezi kinakuonyesha binadamu, spea inakuonyesha mhandisi, na kilichoruka kikarudi kinakuonyesha Mwezi.

Mfano wa hicho cha mwisho ni kamera ya televisheni ya Surveyor 3, mojawapo ya vitu vichache sana vya namna hii. Chombo kilitua Aprili 1967 bila mtu, kikakaa, alafu Novemba 1969 Pete Conrad na Alan Bean wa Apollo 12 wakatua kama mita 160 kutoka pale, wakatembea mpaka kilipo, wakaikata ile kamera kwa mkasi mkubwa wa kukatia chuma na kuja nayo. Iko kwenye mkusanyo wa makumbusho ya Washington. Walipoichunguza waligundua upande uliotazama walikotua umepigwa na vumbi kama umepulizwa mchanga, na pale palipokingwa na kitu kingine rangi imebaki na kivuli chake. Yani injini ya wageni ilimrushia mwenyeji mchanga usoni kabla hawajashuka. Ukipata picha zake kubwa kaa nazo, tafuta hivyo vivuli.

Hatua ya 5: kiulize kifaa maswali, kuanzia mkono

Hapa ndo penye nyama. Kila umbo la ajabu unaloliona ni jibu la tatizo fulani, kazi yako ni kulitafuta tatizo.

Anza na mkono siku zote. Mwanaanga kavaa glavu iliyojaa hewa, kila akikunja vidole ni kama anaminya mpira wa tenisi, na suti yenyewe haimruhusu kuinama mpaka chini. Sasa tazama kifaa chako kwa macho ya huyo mtu. Kwenye zile seti za vituo vya sayansi zilizopelekwa kuanzia Apollo 12 mpaka 17 (ALSEP, zilizotengenezwa na Bendix mji wa Ann Arbor) utaona matundu ya ajabu juu ya kila boksi. Yale ni ya kuchomeka fimbo moja ndefu yenye mpini wa T, fimbo hiyohiyo ilitumika kunyanyua boksi, kulibeba, kulishusha chini, na kufungulia boliti. Boliti zenyewe zina vikombe vya kuongoza fimbo iingie maana mtu anatazama akiwa amesimama wima, kupitia kioo cha helmeti, jua likiwa kali. Fimbo moja, kazi nne. Ukiiona kwenye kabati imelazwa pembeni bila maelezo, hiyo ndo kiungo cha kila kitu kilichomo humo.

Au chukua Hasselblad. Kamera nzuri, rangi ya fedha, na kwenye pete za lenzi imebandikwa masikio makubwa kama mapezi ya samaki. Ni kwa ajili ya vidole vinene. Haina tundu la kuchungulia kama kamera ya kawaida, ilifungwa kifuani na mtu akawa anageuza mwili mzima kulenga. Ukiweza kuona ndani utakuta kioo chembamba chenye misalaba midogo 25, umbali kati ya msalaba na msalaba ni milimita 10 kamili, hiyo misalaba ndo unayoiona kwenye picha za Mwezini na ilikuwa ya kupimia. Kwahiyo ile kamera ni kifaa cha upimaji. Makumbusho mengi yanaiweka upande wa "maisha ya wanaanga" na mi naona wanakosea, mahali pake ni kwenye sayansi.

Swali la pili ni joto. Mchana wa Mwezini unaenda karibu nyuzi 120 za Selsiasi, usiku unashuka chini ya hasi 150, na kila kimoja kinachukua kama wiki mbili za huku kwetu. Hakuna hewa ya kupoza. Ndo maana ya rangi zote hizo. Nyeupe inakataa jua, karatasi za fedha na dhahabu zinazuia joto lisiingie wala kutoka, paa linalonyanyuka juu ya boksi ni mwavuli. Kipima mitetemeko kimevalishwa kitu kama sketi pana inayotandazwa chini kukizunguka, ukiiona unaweza kudhani ni pambo, kumbe ni kwa ajili ya ardhi ya pembeni isipanuke na kusinyaa ikakidanganya kuwa Mwezi umetikisika. Chora mipaka ya kila rangi kwenye mchoro wako, andika pembeni "jua" au "kivuli" kwa kukisia, alafu utakuja kuthibitisha kwenye picha.

Kamera ya George Carruthers ndo mfano ninaoupenda kuliko yote hapa. Huyu ni mwanasayansi Mmarekani mweusi wa maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji, akabuni kamera ya kupiga picha kwa mwanga wa urujuanimno ambao hewa ya Dunia inauzuia usifike huku chini, ikaenda na Apollo 16 Aprili 1972, ikawa darubini ya kwanza kutumika juu ya Mwezi. Imepakwa dhahabu karibu yote. Kamera yenyewe iko Mwezini, iliyorudi ni filamu, na Washington wana mwenzake aliyebaki Duniani. Ukisimama mbele yake angalia sehemu ya chini, kuna pete yenye namba za nyuzi za kuzungushia kulia na kushoto. Kamera ilikaa kwenye kivuli cha chombo ili ibaki baridi, na ile pete ikawa ngumu kuzungusha, mwanaanga John Young akahangaika nayo. Simama hapo uikadirie kwa macho kisha ifikirie na zile glavu.

Vumbi nitapita haraka ila usilisahau, ni laini, linakwaruza, linaganda kwenye kila kitu. Tafuta vifuniko vya kuvuta, mikanda ya kubandua, mifuniko ya mara moja. Kuna kifaa kidogo ukubwa wa kiberiti kilichobuniwa na Brian O'Brien wa Australia, vipande vya sola tu vya kupima kiasi gani cha vumbi kimefunika. Ni kidogo kiasi kwamba ukizubaa unakipita, na kilienda na Apollo 11.

Umeme. Kipima mitetemeko cha Apollo 11 kilitumia sola, ule usanifu wa mabawa mawili utauona, na kilidumu kama wiki tatu tu. Baada ya hapo wakaenda na jenereta ya plutoniamu, SNAP-27, ile yenye mapezi meusi kama redieta. Ilitoa wati 70 hivi, yani kituo kizima cha sayansi kilikula umeme pungufu ya balbu moja ya kizamani ya wati 100. Ya makumbusho haina mafuta ndani bila shaka. Ila tafuta kama wameweka na lile ganda la kubebea fimbo ya plutoniamu, maana lina stori: kwenye Apollo 12 fimbo iligoma kutoka, Bean akivuta haiji, ikabidi waligonge ganda kwa nyundo ya mawe mpaka ikaachia. Hiyo nyundo ilikuwa ya jiolojia. Fundi yeyote anaielewa hiyo.

Na la mwisho, majibu yalirudije Duniani? Kuna njia chache tu. Redio, basi tafuta antena na jinsi ya kuilenga. Mwanga, kama kile kioo. Au mkononi kabisa: filamu, mawe, na ile karatasi ya alumini ya Waswisi wa Chuo Kikuu cha Bern, upana sentimita 30 na urefu 140, iliyotundikwa kwenye mlingoti dakika 77 kwenye Apollo 11 ikikamata chembe zinazotoka kwenye jua, alafu ikakunjwa ikaja nyumbani kuyeyushwa maabara. Kifaa gani rahisi kuliko hicho, na kilipima upepo wa jua. Ukijua njia ya kurudi utajua pia kwanini sehemu fulani ya kifaa inabanduka na nyingine imefungwa moja kwa moja.

Ukienda kwenye Lunokhod maswali ni yaleyale, ila toa mkono weka dereva aliyekaa Duniani. Kina magurudumu 8 ya kutembea, zunguka nyuma utaona la tisa, dogo, linaning'inia. Hilo halikusukuma chochote, lilikuwa la kupima umbali kwasababu yale manane yanaweza kuteleza yakadanganya. Mfuniko wa juu una sola kwa ndani, usiku unafungwa kama sufuria kutunza joto. Na mbele kuna kioo cha leza cha Wafaransa chenye prizma 14. Cha Lunokhod 1 kilipotea kwa miaka mpaka kilipopatikana tena 2010, na kikajibu leza vizuri tu.

Hatua ya 6: tafuta kisichokuwepo

Rudi kwenye mchoro. Waya inaingia wapi na mwisho wake uko wapi? Kwenye kabati vifaa vimesogezwa karibu kwasababu nafasi ni ndogo, ila kule Mwezini vilitandazwa mbali mbali kwa nyaya bapa ndefu, na zile nyaya zilikuwa zimekaa kwenye rola muda mrefu zikawa na ukaidi, zikakataa kulala chini kwasababu uvutano ni mdogo. Kwenye Apollo 16 mguu wa Young ulinasa kwenye waya wa kipimo cha joto la ardhini ukang'oka kwenye kiunganishi, na jaribio zima likafa hapohapo, shimo limeshachimbwa, kila kitu tayari. Ukiziona nyaya zimepangwa vizuri kwa pini ndani ya kabati, ujue huo unadhifu ni wa mpangaji wa maonyesho.

Pia uliza nini kimebadilishwa. Karatasi za plastiki zenye kung'aa zinazeeka, zinapauka, zinachanika, makumbusho mengine huweka mpya. Sio vibaya, ila kama unaandika kuhusu rangi unahitaji kujua unatazama ya 1970 au ya juzi.

Hatua ya 7: linganisha na picha na mazungumzo

Ukirudi nyumbani siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijapoa, fungua picha za safari. Namba zake zinasomeka: AS11-40-5903 maana yake Apollo 11, kaseti ya filamu namba 40, picha ya 5903, ile maarufu ya mwanaanga Buzz Aldrin amesimama. Ukijua kaseti unaweza kwenda picha moja mbele na moja nyuma ukaona kifaa chako kinafunguliwa hatua kwa hatua. Maandishi ya mazungumzo yote ya wanaanga nayo yapo wazi, dakika kwa dakika. Tafuta jina la kifaa humo uone walilalamika nini. Mfano kile kipima mitetemeko cha Apollo 11 kilikuwa na kijipira kidogo ndani ya kisahani cha kuonyesha kama kimekaa sawa, Aldrin akawa anahangaika nacho maana kijipira kinazunguka pembeni tu hakitaki kutulia katikati. Ukirudi makumbusho sasa, utakitafuta hicho kisahani, na utajua unatafuta nini.

Hatua ya 8: usiogope vilivyofeli

Lebo hazipendi kusema kimefeli. Wewe tafuta. Kipima uvutano cha mwanafizikia Joseph Weber kwenye Apollo 17 kilikosewa hesabu ya uzito, kikafika kule kikashindwa kujisawazisha kwenye uvutano wa Mwezi, na Duniani kilikuwa hakiwezi kujaribiwa katika uvutano ule. Drili ya Apollo 15 iling'ang'ania ardhini na mwanaanga David Scott akateseka nayo sana, ikabidi wabadilishe umbo la vyuma vya kuchimbia kwa safari zilizofuata, Apollo 17 wakafika karibu mita 2.5. Ukikuta vyuma vya drili kwenye kabati angalia ile mifereji ya kupandisha udongo, uone inapita vipi kwenye maungio ya kipande na kipande. Hapo ndo tatizo lilipokuwa, na unaweza kuliona kwa macho yako kabisa bila mtu kukueleza.

Vilivyofaulu navyo vifuatilie mpaka mwisho. Vipima mitetemeko vilisikia Mwezi ukitetema karibu saa nzima baada ya kipande cha juu cha chombo cha Apollo 12 kuangushwa makusudi, na kwa jumla vikarekodi matukio zaidi ya 12,000 mpaka vituo vilipozimwa tarehe 30 Septemba 1977 kwa sababu za bajeti. Vilikuwa bado vinatuma.

Hatua ya 9: waandikie wenye mkusanyo

Ukishakuwa na mchoro, namba ya usajili, na swali moja ambalo hukupata jibu, andika barua pepe kwa idara inayotunza hicho kifaa. Swali liwe moja na liwe la kifaa chenyewe. "Naomba kujua historia ya Apollo" hawatakujibu au watakutumia kiungo cha tovuti. Ila ukiandika "kifaa namba fulani, upande wa kushoto chini ya mpini kuna matundu mawili yamezibwa kwa rangi, je yalikuwa ya nini, na je ni spea au cha mazoezi maana lebo haisemi", watu wa kule watafurahi, maana nao wanaishi na maswali kama hayo na wageni wachache sana wanawauliza. Ambatanisha mchoro wako hata kama ni mbaya. Omba pia kama kuna picha za upande wa nyuma, kwenye kabati nyuma huwa hapaonekani na mara nyingi vibati vya utambulisho vimepigiliwa hukohuko nyuma.

Wakikujibu, rudi kwenye daftari, andika jibu pembeni ya mchoro pamoja na tarehe na nani alikujibu kwa cheo chake, alafu panga siku ya kwenda mara ya pili. Safari hiyo ya pili nenda asubuhi mlango ukifunguliwa, kabla ya makundi ya shule, na uanzie upande wa kabati ambao mara ya kwanza hukusimama.